Namna ya kufungua mafumbo ya hesabu kwa programu ukiwa na simu tu

Tuanze na machungwa. Muuzaji soko la Mgandini, Tanga, kashusha machungwa ya Muheza, anayapanga kwenye turubai. Akiweka mafungu ya matatu matatu yanabaki mawili, akibadili akaweka matano matano yanabaki matatu, akienda saba saba yanabaki mawili tena. Yamezidi 100 ila 200 hayafiki. Ni mangapi?

Fumbo lenyewe ni la Wachina, liliandikwa huko zaidi ya miaka 1500 iliyopita, mi nimeweka machungwa tu. Kwa mkono unalipata ila utakuna kichwa sana, kwa programu ya lugha ya Python ni mistari mitatu:

```
for n in range(101, 200):
    if n % 3 == 2 and n % 5 == 3 and n % 7 == 2:
        print(n)
```

Ile alama ya % inakupa baki ya kugawanya, yani 17 % 5 ni 2. Ukirun inatoka 128, hamna nyingine. Hiyo ndo njia ya kwanza ya kufungua fumbo lolote, unajaribu kila namba inayowezekana na ile inayotimiza masharti yote ndo jibu, na wala usione aibu kuanza hivo hata kama mtu atakwambia sio hesabu ya kisomi.

Kompyuta sio lazima. Simu ya Android inatosha, shusha app ya Pydroid 3 siku ukiwa na bando au wifi ya mtu, baada ya hapo unaandika na kurun hata bando likiisha, unaweza ukawa umekaa zako Raskazone unapunga upepo na kazi inaenda. Kwanini Python? Kwanza ni ya bure, pili ni rahisi kusoma, tatu namba nzima kwake hazina ukomo, ukiiambia 2 kipeo 1000 inakupa tarakimu zote 302 bila kulalamika wakati lugha nyingine hapo zinaanza kukupa matango pori. Ila angalia mambo mawili. Nafasi mwanzoni mwa mstari zina maana, ukizikosea programu inagoma, na kwenye simu kidole kinateleza sana. Alafu kugawanya kwa / kunakupa desimali, na namba ikiwa kubwa ile desimali inapoteza tarakimu za mwisho kimyakimya, kwaiyo ukitaka namba nzima tumia //.

Sasa rudi kwenye machungwa kidogo maana bado hatujayamaliza. Tuseme soko zima, mafungu yenye masharti sita saba, namba inafika matrilioni, kujaribu moja moja simu itachemka mpaka uipumzishe. Hapa unatumia KDS (kigawe kidogo cha shirika) uliyofundishwa darasani ukadhani haina kazi. Anza na 2, maana inakidhi sharti la mafungu ya matatu. Ongeza 3 kila mara, sharti hilo haliharibiki: 2, 5, 8. Hapo 8 ukigawa kwa 5 inabaki 3, sharti la pili limekaa. Kuanzia hapo ongeza 15, ambayo ni KDS ya 3 na 5, ili yale mawili yasiharibike: 8, 23. Na 23 kwa 7 inabaki 2. Tayari, namba nne tu umezigusa. Majibu mengine yote yanapishana kwa 105, kwaiyo 23, 128, 233 na kuendelea, na ya kwetu ni ile ya kati.

```
n = 2
while n % 5 != 3:
    n = n + 3
while n % 7 != 2:
    n = n + 15
print(n)
```

Inaprint 23, we ongeza 105 mwenyewe. Ukilinganisha hizi programu mbili utaona kazi ilipo, ya kwanza simu ndo imehangaika, ya pili umehangaika wewe dakika tano na simu haijafanya kitu.

Haya, chenji. Konda anadaiwa kurudisha shilingi 1000 na ana sarafu tupu, za 50, 100, 200 na 500, zote nyingi anavyotaka. Anaweza kuirudisha kwa njia ngapi tofauti? Mpangilio wa kukupa mkononi hauhesabiki, mia na hamsini mbili ni njia moja hata akianza na hamsini.

Kabla hujaandika mstari hata mmoja, chukua kiasi kidogo ukihesabu kwa vidole. Mi nasisitiza hili mpaka vijana wa tuisheni wananichoka, lakini programu ikikupa namba tupu utajuaje kama ni kweli? Chukua 200: sarafu moja ya mia mbili, au sarafu mbili za mia, au moja ya mia na hamsini mbili, au hamsini nne. Njia 4. Iandike pembeni.

```
sarafu = [50, 100, 200, 500]
lengo = 1000
njia = [0] * (lengo + 1)
njia[0] = 1
for s in sarafu:
    for k in range(s, lengo + 1):
        njia[k] = njia[k] + njia[k - s]
print(njia[lengo])
```

Hiyo njia[k] ni idadi ya namna za kufikisha kiasi k. Ya sifuri ni 1 maana kutotoa kitu nako ni namna moja (watu wengi hapa wanaweka 0 alafu kila kitu kinatoka sifuri wanashangaa). Kisha unaingiza sarafu moja baada ya nyingine: ukiwa na ya hamsini peke yake, kila kiasi kinachogawanyika kwa 50 kina njia moja, ukiingiza ya mia, njia za kufika 200 ni zile ulizokuwa nazo ukijumlisha njia za kufika 100, kwa sababu ukishatoa mia moja imebaki mia. Badilisha lengo liwe 200 kwanza. Ikitoka 4, rudisha 1000, jibu ni 49. Weka 5000 inaruka mpaka 2691.

Sasa kuna mtego. Ukigeuza lupu (ile mistari ya for inayorudiarudia), yani ya k ikawa nje na ya sarafu ndani, programu inarun vizuri kabisa haitoi kosa lolote, ila jibu la 200 linakuwa 6 badala ya 4. Kwanini? Kwa sababu saivi inahesabu mpangilio, 100-50-50, 50-100-50 na 50-50-100 zimekuwa njia tatu. Bila ile 4 uliyoandika pembeni ungeshapeleka jibu la uongo tena kwa kujiamini.

Aina nyingine ni mafumbo ya herufi. Maarufu kuliko yote ni la Mwingereza Henry Dudeney la mwaka 1924, SEND + MORE = MONEY, kila herufi ni tarakimu yake, hakuna mbili zinazofanana na namba haianzi na sifuri. Herufi ziko nane, kwaiyo kuzigawia tarakimu kumi kuna namna 1,814,400, simu inazipitia zote ila utasubiri kidogo. Fikiri kwanza bana. Namba mbili za tarakimu nne zikijumlishwa hazifiki 20,000, kwaiyo M ni 1, hapohapo umebaki na namna 181,440. Alafu ili S na 1 zifike kumi S lazima iwe 9, au 8 ikiongezewa moja iliyobebwa kutoka safu ya kulia, ukiifuatilia hiyo 8 inakufikisha O na N zote kuwa sifuri, haiwezekani. S ni 9, na O ni 0. Zimebaki herufi tano kwa tarakimu saba, namna 2,520 tu, kufumba na kufumbua imemaliza: 9567 + 1085 = 10652. Kwa hizo tano usiandike lupu tano ndani ya nyingine, chukua permutations (inakutolea mipangilio yote) kutoka itertools, inakuja na Python yenyewe.

Ukitaka mafumbo ya kutosha miaka yote nenda tovuti ya Project Euler, ilianzishwa na Colin Hughes mwaka 2001, ni bure na mafumbo yamepita 900. La kwanza linataka jumla ya namba zote chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5. Watu wanajumlisha vigawe vya 3, wanajumlisha vya 5, wanaunganisha, wanakosa, maana 15, 30 na wenzake wamehesabiwa mara mbili. Toa vigawe vya 15 mara moja: 166,833 + 99,500 - 33,165, inabaki 233,168. La tatu ni kutafuta kigawo tasa kikubwa cha 600851475143, hapo siri ni kwamba ukipata kigawo gawa palepale namba ipungue, usiipeleke simu hadi bilioni 600 utaiua betri.

Lile la 31 ni chenji yetu ileile ila kwa sarafu za Uingereza, penzi 1, 2, 5, 10, 20, 50, 100 na 200, lengo likiwa penzi 200. Usibadilishe kitu kwenye programu zaidi ya mistari miwili ya juu. Inatakiwa itoke 73682. Ikishatoka hiyo rudi kwenye shilingi uweke 10,000 kwa sarafu zetu nne, jibu ni 19006, na ikikupa kubwa kuliko hapo kaangalie lupu ipi iko nje.