Kusoma Moshi wa Injini ya Lori la Dizeli

Rangi ya moshi ndiyo huonekana kwanza, lakini peke yake haitoshi kumpa mtu ruhusa ya kufungua injini. Swali lenye manufaa zaidi ni lini moshi huo hutoka: asubuhi injini ikiwa baridi, lori likipanda mlima na mzigo, au likiwa limesimama muda mrefu huku injini inanguruma. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, washa injini ikiwa baridi kabisa, mahali penye hewa ya kutosha, uitazame dakika za mwanzo, kisha uliendeshe lori hadi lipate joto lake la kawaida na uangalie tena likiwa limebeba mzigo.

Moshi mweusi ni dizeli iliyoingia kwa wingi kuliko hewa ya kuiunguza, ikageuka masizi. Lori lenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), hasa la zamani, likitoa wingu fupi jeusi wakati wa kubadilisha gia halina ugonjwa, kwa kuwa turbo huchelewa kidogo kushika kasi baada ya mafuta kuongezwa. Ugonjwa ni moshi usiokatika mlimani, ukiambatana na nguvu kupungua na mafuta kuliwa kuliko kawaida. Wengi hukimbilia kulaumu nozeli (vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya silinda), nami naona huko ni kuanzia mwishoni, kwa sababu upande wa hewa hukaguliwa kwa dakika chache na bila gharama. Toa chujio la hewa na ulitazame kwenye mwanga; kisha fuata mabomba yote ya mpira kutoka kwenye turbo hadi interkula (kipozeo cha hewa inayosukumwa na turbo), na kutoka interkula hadi kwenye injini, ukitafuta ufa, klipu iliyolegea, au unyevu wa oili wenye vumbi, ambao huonyesha mahali hewa inapovujia. Ufa mwingine hujifunga injini ikiwa imetulia na kufunguka tu turbo inaposukuma, kwa hiyo uminye mpira kwa mkono wakati injini imezimwa badala ya kuuangalia kwa macho tu. Hewa ikiwa salama, ndipo nozeli zipelekwe kupimwa. Kama lori lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, moshi mweusi haupaswi kuonekana kabisa, na ukionekana, chujio hilo limepasuka au liliwahi kuondolewa.

Moshi mweupe ndio hupotosha watu zaidi, maana huwa wa aina mbili zisizo na undugu. Aina ya kwanza ni dizeli iliyopita bila kuungua: hunuka mafuta, huwasha macho, na huning'inia hewani. Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa, si kwa plagi za cheche, hivyo asubuhi ya baridi moshi huo kidogo ni wa kawaida. Usipokwisha injini ikishapata joto, shuku nozeli inayodondosha, mafuta yanayopulizwa kwa kuchelewa, au silinda iliyopungukiwa na mgandamizo. Aina ya pili ni mvuke wa maji ya kupozea injini, ambao hauwashi macho na huyeyuka upesi hewani, ukiacha harufu ya utamu ikiwa maji hayo yana dawa ya rejeta. Ukiwa na shaka, shikilia kipande cha karatasi ngumu mbali kidogo na mdomo wa bomba. Maji hukauka bila alama, ilhali dizeli huacha doa na harufu.

Ikiwa ni maji, angalia kiwango chake injini ikiwa baridi, kwani kufungua mfuniko wa rejeta ya moto ni kujiunguza. Maji yanayopungua bila kuonekana yanakovuja, pamoja na mapovu yasiyoisha kwenye tangi lake, huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, na bloku ya injini) au hedi yenye ufa. Hapo safari isimamishwe, kwa sababu maji yakikusanyika juu ya pistoni usiku, stata (mota ya kuwashia injini) itakwama asubuhi, na anayeilazimisha hupinda konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni.

Moshi wa bluu ni oili ya injini inayoungua. Anza na kijiti cha kupimia, kwani oili iliyozidishwa peke yake huweza kuuleta. Oili inayopanda bila mtu kuiongeza na kunuka dizeli ni jambo zito zaidi: mafuta yanavujia ndani, na injini haifai kuendeshwa hivyo. Kisha fungua mpira unaotoka kwenye turbo. Oili ikiwa imetuama humo, kagua kwanza kama bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo au tundu la kupumulia injini limeziba, kwa kuwa vyote viwili husukuma oili kupita sili ambazo bado ni nzima. Turbo nyingi hubadilishwa bure kwa kosa hili. Ringi (pete za pistoni zinazozuia oili kupanda) zikilika, hujulikana kwa moshi unaoongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka, na kwa upepo mwingi unaofuka kwenye tundu la kujazia oili. Uthibitisho ni kipimo cha mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine.

Katika kutafuta silinda mbovu, fundi wa injini ya pampu ya zamani alizoea kulegeza nati ya bomba la nozeli na kusikiliza kama mlio wa injini unabadilika. Kwenye injini za reli ya pamoja (common rail), ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa, hilo ni mwiko, kwa sababu shinikizo la mafuta hufikia zaidi ya baa 1,000 na mchirizi mwembamba hupenya ngozi. Tumia kompyuta ya uchunguzi kuzima silinda moja moja.

Ikitokea injini inapanda kasi yenyewe huku ikitoa moshi mzito na haizimiki kwa ufunguo, inakula oili yake yenyewe. Kama ni ya gia za mkono na lori limesimama, kanyaga breki kwa nguvu, ingiza gia kubwa na uachie klachi ili izimike. La sivyo, watu wasogee mbali, na njia ya hewa izibwe kwa ubao imara, kamwe si kwa kiganja wala kitambaa. Lori hilo lisiwashwe tena hadi njia iliyoingiza oili ijulikane.