Pima maji kwanza, shamba baadaye: bustani ya kiangazi Tabora

Mvua zikikatika mwezi wa tano, huku kwetu Uyui watu hukimbilia mabondeni na mbegu za nyanya. Juni kisima kimejaa, Mto Igombe bado una maji, mtu anakata nusu eka bila wasiwasi. Septemba nyanya ziko kwenye maua na kisima kinatoa tope. Mimi nilipoteza bustani hivyo miaka miwili mfululizo. Mwaka wa kwanza ulikuwa ugeni, wa pili ubishi tu.

Hatua ya 1: Kijue kisima chako

Tafuta kamba, jiwe na futi ya fundi. Kisima changu kina upana wa mita 1.2. Chukua nusu ya upana, 0.6, izidishe kwa 0.6, kisha kwa 3.14: unapata 1.13. Maana yake kila mita moja ya maji kisimani ni lita 1,130, kama ndoo 56 za lita 20.

Alfajiri shusha jiwe mpaka liguse maji, funga fundo kwenye kamba usawa wa mdomo wa kisima. Vuta maji yashuke mita 2. Subiri saa moja, shusha jiwe tena. Kama yamepanda sentimita 40, kisima kimekupa lita 450 kwa saa hiyo.

Usizidishe kwa saa 24! Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Maji huingia kwa kasi kisima kikiwa kitupu, na kadiri kinavyojaa ndivyo yanavyopunguza mwendo. Ndiyo maana navuta mara mbili, alfajiri na jioni: kisima kilekile kinatoa maji mengi kuliko nikivuta mara moja kwa siku.

Kipimo cha kuaminika ni cha mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijarudi. Kama hukupima mwaka jana, pima sasa, kisha panda nusu ya hesabu utakayopata.

Hatua ya 2: Kata shamba kwa maji hayo

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa jua la Septemba na Oktoba, mboga zilizokwisha kuziba ardhi huhitaji karibu milimita 5 hadi 6 kwa siku. Oktoba kisima changu kinanipa lita 3,000 kwa siku. Gawa kwa 6, unapata mita za mraba 500. Toa yanayopotea njiani, nabaki na 400, yaani hatua kama 20 kwa 20. Nusu eka ingedai lita 12,000.

Mzee jirani alipopita akauliza, "Kijana, hiki ni kitalu cha miche au shamba?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ni shamba." Oktoba alikuja kununua nyanya.

Hatua ya 3: Pampu isiingie kisimani

Pampu ya petroli inayonyonya kutoka juu haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 7 hivi, hata iwe na nguvu kiasi gani. Maji yakishuka chini ya hapo, watu huishusha pampu yenyewe kisimani na kuiwasha. Usifanye hivyo kamwe. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hujikusanya shimoni. Anayeshuka kumwokoa mwenzake hufuata njia hiyohiyo. Maji yakifika huko, tumia ndoo na kapi, au pampu ya umeme wa jua ya kuzamisha.

Hatua ya 4: Mtoni, gawaneni mapipa

Zamu za saa zina ujanja. Pampu moja hujaza pipa la lita 200 kwa sekunde 40, nyingine sekunde 60. Wakipewa saa mbili mbili, wa kwanza anaondoka na mapipa 180, wa pili 120. Pimeni kila pampu kwa pipa, halafu mpange zamu kwa idadi ya mapipa. Kikundi chetu kiligombana msimu mzima kabla ya kufikia hapo.

Kuchota maji ya mto kumwagilia kunahitaji kibali chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009. Igombe unaelekea Malagarasi, hivyo ni wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, makao yake Kigoma. Wenzetu wa Manonga na Wembere, Igunga, wako Bonde la Kati. Na usilime ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ni sheria, na udongo ukimomonyoka hujaza hilohilo dimbwi unalotegemea.

Hatua ya 5: Punguza kiu ya shamba

Kiangazi usiinue tuta, zamisha kitalu kiwe chini kidogo ya usawa wa ardhi. Tandaza majani ya mpunga kutoka kwenye majaruba, unene wa kiganja. Mwagilia alfajiri au jioni. Kumwagilia kwa mipira ya matone ni kuzuri, ila chuja maji kwanza, tope huiziba.

Hatua ya 6: Maji yakipungua, chagua

Kila Jumatatu nashusha kamba na kuandika kina ukutani kwa mkaa. Fundo likishuka mara mbili mfululizo, naacha mchicha na chainizi zife, maji yote yanaenda kwenye nyanya zenye matunda. Nyanya ikinywa leo na kukaa kavu siku nne, inaoza kitako au kupasuka, na sokoni hakuna anayeigusa.