SOMO: Pezi la sentimita ngapi kwa ubao wa tanga? Someni hapa kabla ya kunitumia ujumbe

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Fundi, pezi zuri ni la sentimita ngapi?" Ni sawa na kuniuliza viatu vizuri ni namba ngapi. Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Nazungumzia ubao wa tanga (windsurf) wa kawaida wa matembezi, ujazo wa lita 100 hadi 130, wenye pezi moja chini ya mkia, kwenye maji yetu ya ndani ya mwamba, Jambiani na Paje, Zanzibar. Mbao za mawimbi zina hesabu yake.

Kwanza jueni kazi ya pezi. Tanga linakusukuma mbele na pembeni kwa pamoja. Jahazi lina mkuku wa kulizuia lisipotee demani, upande upepo unakoelekea, lakini ubao wetu ni bapa kama sinia. Pezi ni tanga la pili lililopinduliwa chini: maji yakilipita kwa mshazari kidogo, upande mmoja unavuta, na mvuto huo ndio unaokushikilia kwenye njia. Pezi refu lina mvuto mkubwa, kwa hiyo ubao unanyanyuka juu ya maji mapema hata upepo ukiwa haba, na kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo, kunakuwa rahisi. Upepo ukizidi, mvuto uleule unauinua ubao ubavu wa joshi, upande upepo unakotoka, unaanza kukurukaruka miguuni kama punda asiyetaka mzigo. Pezi fupi linatulia kwenye upepo mkali na linageuka upesi, ila upepo ukilegea linakuacha. Wangapi hapa kusi imewabeba kutoka Jambiani mpaka Paje wakarudi kwa miguu, ubao kichwani?

Hatua ya 1. Geuza ubao uangalie kisanduku cha pezi, yaani tundu pezi linapoingia, ni cha aina gani: Power Box, Tuttle au US Box. Haviingiliani, msilazimishe.

Hatua ya 2. Anza na tanga. Mimi natumia hivi: tanga la mita za mraba 4.5 hadi 5, pezi la sentimita 24 hadi 29. Tanga la 5.5 hadi 6, pezi la 30 hadi 34. La 6.5 hadi 7, pezi la 36 hadi 40. La 7.5 hadi 8, pezi la 42 hadi 46. Ni pa kuanzia tu, msije kunishika shati kwa sentimita moja.

Hatua ya 3. Angalia upana wa mkia. Mkia ukiwa mpana, miguu yako inakaa mbali na katikati na una nguvu ya kulikandamiza pezi refu. Ukiwa mwembamba, pezi refu linakushinda. Ndiyo maana mbao za mashindano za Formula, zenye upana wa karibu mita moja, hubeba pezi la sentimita 70, na RS:X, ubao wa zamani wa Olimpiki, kwa wanaume ilikuwa na pezi la 66 na tanga la mita za mraba 9.5. Usiichukue namba hiyo ukaibandika kwenye ubao wa lita 100.

Hatua ya 4. Pima kina. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilieni. Ilikuwa bamvua ya Agosti, siku maji yanapojaa na kupwa sana, kusi imekaza, tanga la 6 na pezi la 40, kwa sababu nilitaka kuwapita vijana kwenye kubisha. Nilitoka maji yakiwa mengi. Baada ya saa moja nikarudi kwa njia ileile, maji yanatoka na sina habari. Pezi likashika fungu la mchanga. Ubao ukasimama, mimi sikusimama. Nilipita juu ya omo na mlingoti ukanifuata, ukapasua pua ya ubao. Pua niliiona, nikaitengeneza. Nisichokiona ni ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa kisanduku. Siku ya tatu nikauona ubao mzito, nikautikisa, nikasikia maji ndani yake kama dafu. Kwa hiyo:

– Maji yafike katikati ya paja. Yakishuka gotini, rudi, hata kama upepo ndiyo kwanza unanoga.
– Pezi la 40 halitoshwi na sentimita 40 za maji. Ukipunguza mwendo ubao unazama kidogo, pezi linashuka nao. Hapo ndipo watu wengi wanaposhika mchanga.
– Siku za bamvua punguza pezi au rudi ufukweni mapema. Maji mafu, yasiyopwa sana, yana nafasi zaidi.
– Kaa mbali na vigingi vya mwani. Kamba ukiikata umekata riziki ya mama wa watu, na pezi refu huifikia kamba usiyoiona.
– Ukishagonga, kagua kisanduku juani, siyo kwa tochi jioni.

Hatua ya 5. Suuza mchanga kwenye kisanduku, ingiza pezi, kaza skrubu mpaka lisicheze. Basi.

Hatua ya 6. Toka. Ubao ukikurukaruka, punguza sentimita 2. Ukishindwa kubisha wakati wenzako wenye tanga kama lako wanabisha, ongeza 2. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja.

MASWALI

Mtoto wa Pwani: Bro mimi nina kilo 80, ninunue pezi gani?

Fundi: Hatua ya 2. Tanga mita ngapi, ubao lita ngapi?

Mtoto wa Pwani: Sijui, nakodi.

Fundi: Basi usinunue kitu.

Bint Shangani: Shikamoo Fundi. Nikiwa kasi, ghafla mkia unaniponyoka kwenda pembeni, kama gari kwenye tope. Pezi ni la 30, tanga 5.5. Niongeze?

Fundi: Marahaba mwanangu, swali zuri. Usinunue kwanza. Hewa imefyonzwa kutoka juu ya maji ikashuka kando ya pezi, na pezi lililovaa hewa halina cha kushika. Mara nyingi kosa ni mguu wa nyuma: unausukuma ubao kabla mwendo haujakolea. Jaribu kukanyaga kwa ulaini na kuning'inia zaidi kwenye mkanda wa kiunoni. Ukiponyokwa, legeza tanga kidogo, vuta mkia urudi chini yako kwa mguu wa nyuma. Kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa pezi: ukikwama, kuna pengo, na pengo huita hewa. Mimi nilinunua mapezi mawili kabla ya kujua kosa ni mguu wangu.

Bint Shangani: Ukucha umekwama! Pengo mbili karibu na ncha.

Fundi: Jaza epoksi, ikikauka piga msasa namba 400 wenye maji. Usiunoe ukingo ukawa kama kisu, utakukata wewe.

Nahodha Mkavu: Umesema uanze na tanga, lakini mwalimu wangu alisema uzito ndio kila kitu. Unapotosha watu.

Fundi: Mzito hutumia tanga kubwa, kwa hiyo uzito umeshaingia kwenye hesabu. Nimesema "anza". Kama una kilo 100, ongeza sentimita 2 uendelee na maisha.

Wa Maskati: Assalaam alaykum. Kiangazi huenda kisiwa cha Masira, upepo ni wa kutosha na zaidi. Pezi langu hunasa majani. Kuna dawa?

Fundi: Waalaykum salaam. Tafuta pezi lililolala nyuma, majani yanateleza yenyewe. Ni fupi lakini lina shina pana: la 28 lililolala hufanya kazi karibu na la 34 lililosimama. Utachelewa kidogo kunyanyuka na kubisha kutapungua. Kwa upepo wa huko hutajali.

Kijana wa Diani: Kwa nini msihamie foili, lile bawa la chini ya maji linaloinua ubao hewani? Olimpiki ya 2024 wa mbao za tanga wote walipanda iQFoil.

Fundi: Mlingoti wa foili, unaoshuka chini ya ubao, unapita kina cha pezi lolote nililolitaja. Njoo nao Paje maji yakitoka, nitakaa ufukweni na kahawa.

Bint Shangani: Na mapezi mnayabebaje yasigongane kwenye daladala?

Tezi na Omo: Chukua mpira wa kumwagilia bustani, kata urefu wa pezi, upasue upande mmoja, uvalishe kwenye ukingo. Mimi nina wa nusu inchi, mwaka wa pili huu.

Fundi: Hii sikuijua. Ukiukata, mchanga usibaki ndani, utakwangua.