Jinsi ya kukata tiketi ya Louvre na kuingia bila kurudishwa mlangoni

Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, limejiwekea kikomo cha wageni wapatao 30,000 kwa siku tangu 2022. Ndiyo sababu tiketi zake huuzwa kwa siku na saa maalumu. Anayefika mikono mitupu msimu wa kiangazi huambiwa nafasi zimejaa, na kubembeleza hakusaidii. Shughuli yote, basi, imalizwe kabla ya safari.

Anza na kalenda. Louvre hufungwa kila Jumanne, na pia Januari 1, Mei 1 na Desemba 25. Siku nyingine hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, isipokuwa Jumatano na Ijumaa ambapo hufungwa saa 3 usiku. Jumanne huwanasa wengi, hasa waliozoea majumba ya Ulaya yanayofunga Jumatatu. Ukiweza kuchagua, chukua Jumatano au Ijumaa kuanzia saa 11 jioni: makundi mengi ya watalii yameshaondoka, na bado una saa tatu na zaidi.

Kama unahitaji viza, ipate kwanza. Tiketi ya Louvre hairudishiwi pesa wala haibadilishwi tarehe, na kunyimwa viza hakuhesabiwi kuwa sababu.

Kabla ya kufungua tovuti

Weka karibu pasipoti, anwani ya barua pepe unayoifungua kweli, na kadi ya benki iliyoruhusiwa kulipa mtandaoni nje ya nchi. Kadi nyingi huwa zimezuiwa mpaka mwenyewe aiombe benki iifungue. Malipo mengi hukwama kwenye hatua ya mwisho: benki hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya nyumbani, na wewe uko Ulaya na laini imezimwa. Ukilipia kabla ya kuondoka, tatizo hilo halipo.

Kukata tiketi

Andika mwenyewe anwani ticket.louvre.fr. Usibofye tu tokeo la kwanza unaloletewa ukitafuta mtandaoni, kwani mara nyingi ni tangazo la wachuuzi wanaouza kiingilio kilekile kwa bei ya juu. Wengine hukuuzia ziara yenye kiongozi wakati ulitaka kuingia tu. Wanaotembeza tiketi karibu na piramidi ya kioo, yaani lango kuu la jumba, usiwape hata senti.

Chagua tarehe, kisha saa. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, na hapa msemaji wa Kiswahili awe macho: 09:00 ni saa 3 asubuhi, si saa 9, 15:00 ndiyo saa 9 alasiri. Saa hiyo ni ya Paris, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja majira ya kiangazi na saa mbili majira ya baridi, kwa hiyo angalia pia simu yako imejirekebisha ulipotua.

Sasa bei, na hapa ndipo watu hujikwaa zaidi. Tangu Januari 14, 2026 mtu mzima asiye raia wala mkazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya hulipa euro 32. Raia au mkazi wa eneo hilo hulipa 22. Eneo hilo ni nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Iceland, Norwe na Liechtenstein. Uingereza na Uswisi hazimo. Kwa hiyo Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Ujerumani hulipa 22, na Mkenya anayeishi London hulipa 32. Ukichagua bei ya chini bila hati ya kuithibitisha, mlinzi ana haki ya kukukatalia, na euro 10 ulizookoa zitakugharimu siku nzima.

Wote walio chini ya miaka 18, wa taifa lolote, huingia bure. Wakazi wa eneo lile walio chini ya miaka 26 nao hawalipi. Mwenye ulemavu na msindikizaji wake mmoja huingia bure wakiwa na hati. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Julai na Agosti, kiingilio ni bure kwa kila mtu baada ya saa 12 jioni. Lakini bure haina maana ya kuingia ovyo: tiketi ya euro 0 nayo hukatwa kwenye tovuti ileile, kwa saa ileile, moja kwa kila kichwa, mtoto wa kubebwa akiwemo. Familia ikinunua za wazazi tu na kuwasahau watoto, saa yao inaweza kuwa imejaa wanaporudi kuzitafuta. Hata mwenye Paris Museum Pass, pasi moja ya kuingilia majumba mengi ya makumbusho, lazima ajiwekee saa.

Ukishalipa, faili la tiketi huja kwa barua pepe. Lipakue kwenye simu, kwa kuwa mtandao kwenye foleni si wa kutegemea, au lichapishe. Barua isipofika, angalia kwenye barua taka kabla ya kulipa mara ya pili.

Siku yenyewe

Asubuhi pitia louvre.fr. Migomo ya wafanyakazi hutokea. Juni 16, 2025 milango ilichelewa kufunguliwa huku maelfu wakisubiri nje. Hapo pia hutangazwa vyumba vilivyofungwa siku hiyo. Ikiwa umekwenda kwa ajili ya kitu kimoja tu, hakikisha chumba chake kiko wazi.

Shuka kituo cha metro cha Palais Royal – Musée du Louvre, njia ya 1 au ya 7. Kwenye piramidi, wenye tiketi za saa wana foleni yao. Fika dakika kama 20 kabla. Ukaguzi wa usalama ni wa lazima, na begi linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 haliingii kabisa, hata kwenye makabati ya kuhifadhia mizigo. Sanduku la safari liache hotelini. Makabati ya bure ni ya mikoba midogo, makoti na miavuli. Picha unaruhusiwa kupiga bila mwanga wa flashi. Fimbo ya selfi hairuhusiwi.

Ndani kuna mabawa matatu, yaani sehemu tatu za jengo: Denon, Sully na Richelieu. Mona Lisa iko Denon, ghorofa ya kwanza, chumba 711, na karibu kila mtu huelekea huko. Ni mchoro wa sentimita 77 kwa 53, wenye kioo mbele na umati mbele ya kioo. Geuka nyuma: ukuta wa pili umebeba Arusi ya Kana, mchoro wa Mwitaliano Veronese, yenye upana wa karibu mita 10, na nafasi ya kuitazama kwa raha. Anayetaka utulivu aanze Richelieu, ghorofa ya chini, kwenye nguzo ya sheria za Hammurabi, mfalme wa kale wa Babeli, kisha Sully kwa sanamu ya Venus wa Milo, na Denon aiache mwisho.

Ukitoka nje hurudi tena kwa tiketi hiyo, kwa hiyo chakula na choo vimalizwe humohumo. Vyumba huanza kuondolewa watu dakika 30 kabla ya kufunga, yaani saa 11 na nusu jioni siku za kawaida. Acha muda wa kurudi kabatini kuchukua mkoba wako.