Orodha ya malighafi ya milango ya nakshi: hatua ninazozifuata karakanani

Juma lililopita nilikaa jioni tatu na mpwa wangu, aliyefungua karakana yake mtaa wa Langoni, tukiandaa orodha ya malighafi ya milango 10 ya nakshi aliyoagizwa na mteja wa Shela. Nayaandika tuliyoyafanya kwa kuwa mafundi wengi wa Lamu hunishinda mbali kwa kuchonga, ila kazi zao hukwama kwa kitu kimoja kilichosahauliwa. Kwetu hapa, kisichopatikana katika maduka ya mjini hakifuatwi kwa pikipiki: husubiriwa kije kwa lori, kivushwe kwa mashua kutoka Mokowe upande wa bara, kisha kibebwe na punda hadi karakanani.

Hatua ya 1: Uvunje mlango katika ngazi

Usiandike orodha moja ndefu inayochanganya skrubu na miimo. Ngazi ya juu ni mlango wenyewe. Ngazi ya pili ni fremu, ubawa (yaani kipande kinachofunguka) wa kulia, ubawa wa kushoto na vifaa vya chuma. Chini ya fremu andika miimo 2, yaani nguzo za pembeni, na vizingiti 2, cha juu na cha chini. Mfaa, yaani ule ubao wa katikati, usiuweke chini ya fremu, kwa sababu hupigiliwa kwenye ubawa mmoja na hufunguka pamoja nao. Ndiyo maana mbawa mbili hazilingani kwenye orodha, ingawa anayezitazama kwa mbali huziona pacha.

Kazi hii mimi huifanya kwa LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya kompyuta ambayo hailipiwi. Zipo programu kubwa za viwanda zinazotunza orodha za namna hii, lakini karakana ya mafundi wanne haina haja ya kulipia kila mwezi kitu kinachotoshelezwa na safu sita za jedwali. Ninalolikataa kabisa ni kutunza orodha katika ujumbe wa sauti wa simu.

Hatua ya 2: Kila kitu kipewe namba

Namba fupi inatosha, na ikishatumika isipewe kitu kingine.

Hatua ya 3: Tenganisha kipimo cha kununulia na kipimo cha kutumia

Misumari hununuliwa kwa kilo na hutumika kwa idadi. Vanishi hununuliwa kwa kopo na hutumika kwa eneo linalopakwa. Weka safu mbili, na kati yake safu ya tatu inayoeleza kipimo kimoja cha kununulia kinatoa vipimo vingapi vya kutumia. Kwa misumari, pima nusu kilo uihesabu mwenyewe, badala ya kukisia.

Hatua ya 4: Upotevu, na mpango wa kukata

Hapa ndipo nilipopoteza siku nyingi, kwa hiyo nivumilie.

Kwa vitu vya kumiminika na vya kusugulia, kama vanishi, gundi na msasa, upotevu huandikwa kwa asilimia. Kosa la kawaida ni kuijumlisha ile asilimia juu ya mahitaji. Ikiwa lita 8 ndizo zinazotakiwa zifike kwenye mbao, na asilimia 20 ya unachonunua hubaki kwenye brashi na makopo, gawanya 8 kwa 0.8 upate lita 10. Ukizidisha 8 kwa 1.2 utapata lita 9.6, na ukitoa asilimia 20 ya hizo utabaki na lita 7.68 tu.

Mbao, kinyume chake, hazikubali asilimia. Nitaeleza kwa hesabu ya oda yangu ya zamani, nayo pia ilikuwa ya milango 10. Kila mwimo ulikatwa inchi 83 kabla ya kupigwa randa, na kila kizingiti inchi 50, vyote kutoka mbao za inchi 6 kwa 2. Miimo 20 ni inchi 1,660 na vizingiti 20 ni inchi 1,000. Jumla inchi 2,660, ambazo hazifiki futi 222. Nikanunua mbao 20 za futi 12, yaani futi 240, nikijiona mwangalifu kwa kuwa na futi 18 za ziada.

Asubuhi niliyokuwa bandarini kupokea mzigo mwingine, kijana wa karakana alianza na vizingiti. Kila ubao wa inchi 144 ulimpa vizingiti viwili na kipande cha inchi 44 kisichofaa kitu. Aliporudisha msumeno chini, mbao 10 zilikuwa zimekwisha, na 10 zilizobaki, kila moja ikitoa mwimo mmoja tu, zilitoa miimo 10 badala ya 20. Milango mitano ikakosa miimo, na mvushaji hakuwa na safari hadi siku mbili baadaye. Kijana sikumlaumu, kwa sababu orodha niliyompa ilitaja futi bila kutaja mkato.

Laiti kila ubao ungekatwa mwimo mmoja na kizingiti kimoja, ungetumika kwa inchi 133, ukabaki na inchi 11 za meno ya msumeno na ncha zilizopasuka, na mbao zile zile 20 zingetosha sawasawa. Tangu hapo, orodha yangu haiandiki “futi 240 za 6 kwa 2”. Huandika “mbao 20 za futi 12, kila moja: 83 + 50”, na karatasi hiyo hubandikwa ukutani mbele ya meza ya kukatia. Mpango huo huuchora kabla ya kununua, kwa sababu urefu wa ubao hubadilisha hesabu yote: mbao za futi 14 hutoa miimo miwili au vizingiti vitatu kila moja, kwa hiyo ungehitaji mbao 17, yaani futi 238. Tofauti ni futi 2 tu, basi chagua urefu ambao mbao zake kwa muuzaji zimenyooka.

Ongeza ubao mmoja au mbao mbili kwa ajili ya mafundo na nyufa, na uziandike kwenye mstari wake, usizifiche ndani ya asilimia.

Hatua ya 5: Zidisha, kisha ondoa kilichopo

Zidisha kiasi cha mlango mmoja kwa idadi ya oda, jumlisha vitu vyenye namba moja kwa fomula ya SUMIFS, na uondoe vilivyomo stoo baada ya kuvihesabu kwa mkono.

Hatua ya 6: Mteja akibadilisha nia

Mteja wa Shela alianza kwa kutaka bawaba, kisha akataka milango miwili izunguke kwa ncha zake kama ya kale. Tusingeweza kufuta bawaba kwenye orodha ile ile, kwa kuwa ubawa wa mlango wa ncha huwa na kipande cha ziada juu na chini, na mkato wake hubadilika. Tulinakili orodha nzima, tukaipa jina la toleo B na tarehe, tukaandika A kwa milango 8 na B kwa milango 2. Karatasi ya zamani iondoe ukutani siku hiyo hiyo, kabla ya mtu yeyote kushika msumeno.