Jinsi ya kujua kama sera ya kigeni ya nchi inafanya kazi ama imekwama

Hapa Kisumu baada ya ile kura ya Addis Ababa ya Februari 2025, ambapo Raila Odinga alikosa uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, watu waliumia sana, na kila mtu alikuwa na sababu yake, wengine wakasema ni nchi zinazoongea Kifaransa zimetuangusha, wengine Waarabu, wengine wakasema serikali haikutia bidii. Nimekaa na hilo swali muda mrefu na naona shida ni kwamba tunapima sera ya kigeni vibaya, tunahesabu safari za rais na picha za kupeana mikono alafu tunashangaa matokeo yakikuja. Kwa hivyo wacha nieleze vile mimi huipima, na unaweza kutumia hii njia kwa nchi yoyote.

Kwanza jiulize nchi ilikuwa inataka nini kabla jambo halijatokea. Liseme kwa sentensi moja. Ukishindwa, na hotuba zao pia hazikusaidii, hio ni dalili mbaya tayari, manake sera isiyo na lengo haiwezi kushindwa wala kufaulu, kila kitu kikitokea mtu wa serikali atasimama aseme ndicho walichokuwa wanatafuta.

Alafu tafuta mashindano mawili yanayofanana uyalinganishe. Kwa Kenya tuna bahati juu tulipambana na Djibouti mara mbili ndani ya miaka sita. Mara ya kwanza ilikuwa kiti cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Agosti 2019 Umoja wa Afrika ulipiga kura ya kuamua utaunga mkono nani, Kenya ikapata 37 na Djibouti 13, Djibouti ikakataa kutoka, ikaenda mpaka New York, na Juni 2020 kwa raundi ya pili tukawashinda 129 kwa 62. Mara ya pili ni hii ya mwenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, Raila akaanza akiwa mbele, raundi zikaenda zikienda kura zikihama, mpaka raundi ya 7 Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akapata kura 33 na mambo yakaisha. Siku chache kabla ya hapo sekretarieti ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikuwa imewaandikia wanachama wake wamuunge mkono mgombea wa tatu, yule wa Madagascar.

Sasa angalia hapo vizuri. Mgombea wetu wa 2025 alikuwa anajulikana Afrika nzima na alikuwa amezunguka bara lote akiomba kura, kwa hivyo sidhani shida ilikuwa yeye. 2020 tulienda New York tukiwa tumeshashinda nyumbani kwa Waafrika wenzetu kwanza, dunia ikafuata. 2025 tulienda na mtu mzuri lakini nyuma yake kulikuwa na deni la miaka miwili mitatu la misimamo iliyokuwa inayumba, na kura ni ya siri, rais wa nchi anaweza kukukumbatia Nairobi akupe ahadi alafu Addis apige vile anataka. Djibouti nao wako kwa Jumuiya ya Waarabu, wako kwa nchi za Kifaransa, wamejenga hizo urafiki polepole na siku ya kura zikawalipa.

Hio ya kuyumba ndio kitu cha tatu cha kuangalia, na kwangu ndio kubwa kuliko zote: je nchi inaongea kwa mdomo mmoja? Septemba 2022, rais mpya Ruto akiwa na siku moja ofisini, akaandika Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua Sahara Magharibi kama nchi (Morocco inasema eneo hilo ni lake, Algeria inaunga mkono wanaotaka uhuru), ujumbe ukafutwa, na baada ya siku mbili wizara ya mambo ya nje ikatoa waraka kwa mabalozi kusema msimamo haujabadilika na kwamba Kenya haiendeshi sera yake ya kigeni kwa Twitter. Fikiria wewe ni Algeria ama Morocco unasoma hayo yote wiki moja. Neno la Kenya utaliwekea uzito gani mwaka ujao? Wala si lazima nchi ichague upande fulani, inaweza kuchagua wowote ili mradi ikae hapo.

Nne, fuata bidhaa mpaka kwa mkulima. Hapa ndio wachambuzi wengi hukosea juu wanaishia kwa taarifa za mikutano. Chukua chai. Februari 2025 kundi la RSF, wapiganaji wanaopigana na jeshi la serikali ya Sudan, na washirika wake walikutana kwa ukumbi wa KICC Nairobi kupanga serikali yao ya pembeni, Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, na Sudan ilikuwa kati ya wanunuzi wakubwa wa chai yetu. Kontena zingine zilikuwa tayari njiani zikakwama. Yule mama wa Hamisi ama Nandi Hills anaamka kabla jua halijatoka, anachuma majani mawili na chipukizi, anabeba mgongoni mpaka kituo cha kununulia yapimwe, hakuulizwa chochote kuhusu mkutano wa KICC lakini mnunuzi mmoja mkubwa akitoka kwa mnada wa Mombasa ni bonasi yake inayotishiwa. Kama kulikuwa na faida ya kuwakaribisha hao watu mimi bado naitafuta.

Upande mwingine maua ya Naivasha. 2014 mkataba wa biashara na Ulaya ulichelewa kupita tarehe 1 Oktoba, ushuru ukawekwa mpaka mwisho wa mwaka, wenye mashamba wakalia. Baadaye Kenya ikatulia ikajadiliana peke yake, ikatia saini Desemba 2023 na mkataba ukaanza kufanya kazi Julai 2024. Lengo lilijulikana, na serikali ilipobadilika lengo halikubadilika.

Majirani waangalie pia. 2023 Kenya ilibadilisha njia ya kununua mafuta kwa mkopo kutoka Ghuba, Uganda ikaona inaumia, ikataka kuagiza yenyewe, tukainyima leseni, ikatupeleka mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha. Yalisuluhishwa 2024, lakini mtu wa Busia anayeishi kwa biashara ya malori atakuambia kugombana na mteja wako mkubwa kunagharimu.

Mwisho, usingoje matokeo. Tuna sheria ya mikataba ya 2012 inayotaka mkataba upitie Bunge la Taifa na wananchi wasikizwe kabla haujaidhinishwa. Tangazo la kuomba maoni likitoka gazetini, soma mkataba wenyewe, angalia bidhaa ya kwenu imetajwa wapi, na uandikie kamati kabla siku zao za kupokea maoni hazijaisha.