Kabla Hujaenda Roma Kuyasoma Magofu

Mwanafunzi anayefika mbele ya Colosseum, uwanja wa kale wa michezo mjini Roma, bila kusoma lolote huona ukuta mrefu uliobomoka upande mmoja. Hupiga picha, akaondoka. Aliyesoma anajua kuwa kaizari Vespasian ndiye aliyeanza kuijenga, kwamba mwanawe Titus aliizindua mwaka 80, na kwamba upande ule uliporomoka kwa tetemeko la 1349, mawe yake yakachukuliwa kujengea majumba na makanisa ya mjini. Wawili hao wamelipa nauli ile ile. Ndiyo maana kwangu maandalizi ya safari ya masomo ni kusoma kwanza, begi baadaye.

Hata hivyo, karatasi za safari hazingoji mtu amalize kusoma. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hayapaswi kuwasilishwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Lakini usikae ukahesabu hizo siku 15, maana uamuzi unaweza kuvutwa hadi siku 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Kwa kundi la wanafunzi, miezi mitatu kabla ni muda wa busara. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000, na pasipoti iwe hai kwa miezi 3 zaidi baada ya siku utakayotoka Ulaya. Aliye chini ya miaka 18 aandikiwe barua ya ridhaa na wazazi mapema, hasa kama mzazi mmoja yuko mkoani au nje ya nchi.

Tiketi nazo zikatwe kabla ya kuondoka nyumbani. Colosseum hutoa tiketi zenye jina, na mlangoni unaombwa kitambulisho. Hapa ndipo majina yetu matatu yanapotutia matatani: shuleni mtu ni Neema Joseph, kwenye pasipoti ni Neema Joseph Mushi, na kwenye orodha ya mwalimu ni Neema J. Andika lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Tiketi hiyo hukuingiza pia Forum, uliokuwa uwanja mkuu wa mji wa kale, na kilima cha Palatine. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, lakini nao lazima wawe na tiketi mkononi.

Sasa kusoma kwenyewe. Jifunze namba za Kirumi na vifupisho vichache vilivyochongwa kila mahali: IMP ni imperator, yaani kaizari, COS ni konsuli, cheo cha juu serikalini, SPQR ni Seneti na Umma wa Roma. Kwa vifupisho hivyo vichache tu, jiwe linaanza kuzungumza, na wakati mwingine linakudanganya. Pantheon, hekalu la kale lenye kuba, imeandikwa usoni kwamba Agrippa, jemadari wa kaizari Augusto, ndiye aliyeijenga. Hekalu la Agrippa liliteketea. Linalosimama leo lilikamilika zama za kaizari Hadrian, yapata mwaka 126, naye akaliacha jina la Agrippa pale juu. Kuba lake la zege lina upana wa mita 43 na halina nondo hata moja.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni tao la Septimius Severus, ndani ya Forum. Severus alizaliwa Leptis Magna, katika nchi tunayoiita leo Libya, akawa mtawala wa dola yote. Tao lilisimamishwa mwaka 203 kwa heshima yake na wanawe wawili, Caracalla na Geta. Mwaka 211 Caracalla akamuua nduguye, na jina la Geta likafutwa. Tazama mstari wa nne wa maandishi: jiwe limekwanguliwa, sifa nyingine zikajazwa, na matundu ya herufi za zamani bado yanaonekana. Asiyeambiwa mapema hawezi kuyagundua, na hakuna somo bora la namna historia inavyohaririwa.

Mengine ni ya mwili. Barabara za Forum ni mawe makubwa yasiyo sawa, hivyo viatu viwe vya raba na viwe vimeshazoea miguu yako. Julai na Agosti jua ni kali na kivuli hakuna. Kama ratiba ya chuo inaruhusu, chagua Aprili au Oktoba. Beba chupa ya plastiki, kwa kuwa mabomba ya maji ya kunywa yako mitaani bure, na ya kioo hairuhusiwi Colosseum. Pantheon ni kanisa tangu mwaka 609, basi funika mabega na magoti.

Tenga siku moja ya Ostia Antica, bandari ya kale ya Roma, ila isiwe Jumatatu kwa kuwa hufungwa. Kwenye uwanja wa wafanyabiashara kuna sakafu za mawe madogo yaliyopangwa kuwa picha za meli na tembo, na nusu saa haitoshi.

Na ukiwa karibu na Circus Maximus, uwanja wa kale wa mbio za magari ya farasi, pitia Piazza di Porta Capena. Hapo ndipo ilipokuwa nguzo ya mawe ya Axum, mji wa kale wa Ethiopia, iliyochukuliwa huko na jeshi la Mussolini, dikteta wa Italia, na kusimikwa Roma mwaka 1937. Ilirudishwa kwao mwaka 2005, na mwaka 2008 ikasimamishwa tena. Soma habari zake ukiwa bado nyumbani, kwa sababu nguzo yenyewe hutaikuta.